Mkunazi Una Wageni

Kazi yangu mimi ni kuosha maiti wa kike. Mpaka mwaka ninaousimulia nilikuwa nimeifanya hapa Mji wa Kale miaka thelathini na moja, bila kumlilia hata mmoja. Watu wanasema nina moyo mgumu. Waseme. Aliyefiwa ndiye wa kulia, mimi ni wa kuosha, na tukilia sote nani atashika kata?

Nyumba yetu iko kichochoroni, nyuma ya Ndia Kuu. Chini nilikuwa nikikaa mimi na dadangu Mejumaa, juu wanakaa wapangaji wetu, Shukri na mumewe Jamaldin. Nyuma pana ua, na uani pana mkunazi. Hakuna aliyeupanda, marehemu baba alisema naye aliukuta. Asiyejua aambiwe: maiti wetu huoshwa kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, kisha maji matupu, kisha ya karafuu maiti. Zamani mikunazi ilikuwa kila mtaa. Watu wakachoka na miba yake, wakaikata, wakajenga vyoo na maduka, wengine wakapanda mwarobaini. Mwaka huo wa tisini na nane, mvua za El Nino zimekwisha, mikunazi niliyoijua mimi ilibaki miwili: wetu, na wa Bi Tima kule Bondeni. Bi Tima naye ni mwosha. Alipata kusema matangani, mbele ya watu, kwamba mimi naosha binadamu kama naosha sufuria. Tangu siku hiyo miaka tisa sikumsemesha.

Dzoro alikuja mwezi wa tano, saa nne za asubuhi, amebeba tundu la waya mgongoni. Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa makamo, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Kama ni maiti, sema jina na mtaa nichukue vitu vyangu."

"La, Bi Mwanakuu, sikuja kwa maiti. Nimekuja kwa kunguru."

"Kunguru siwaoshi."

Akacheka, akatua tundu lake. Akanieleza kwamba ameajiriwa na mradi wa kuwarudisha ndege wa asili hapa kisiwani. Kazi yake ni kuwatega kunguru hawa wa Bara Hindi, wenye shingo ya kijivu, waliokuja na meli zama za mababu na sasa wamejaa kote. Kunguru wa kwetu ni yule mwenye shati jeupe, na ni lini umemuona? Hawa wageni wanakula mayai ya ndege wenzao, wanakula makinda, hawabakishi. Mimi nilikuwa nawajua kwa wizi tu. Mwaka uliotangulia mmoja aliingia uani akachukua sabuni ya maiti niliyoianika ukutani, akaenda nayo mpaka leo.

Dzoro alitaka kuweka tundu lake uani kwangu. Ndani hutiwa kunguru mmoja aliye hai wa kuwaita wenzake, nao wakiingia juu hawajui kutoka. Jioni anapita, anawanyonga shingo mmoja mmoja. Alinieleza haya kwa sauti ya kawaida, na mimi nikamjibu kwa sauti hiyo hiyo. Watu wenye kazi kama zetu tunaelewana upesi.

Basi yuko katikati ya maneno, akanyamaza. Akageuka, akaupa mkunazi mgongo.

"Kuna shore humo," akasema.

"Shore wako siku zote asubuhi, wanapiga kelele."

"Huyu hapigi kelele ya asubuhi. Huyu ana kiota." Na mimi nikainua kichwa nitazame. "Usiangalie juu, Bi Mwanakuu! Tafadhali."

"Ala! Ndege gani huyo asiyetazamwa?"

"Si yeye. Ni wale." Akanionyesha kwa kidevu kunguru watatu juu ya mabati ya jirani. "Hawa wanatazama mtu anakotazama. Ukisimama chini ya mti leo, ukasimama na kesho, kesho kutwa wanakuja wenyewe kuona ulikuwa unaangalia nini. Mimi nimepoteza viota viwili hivyo, kimoja pale karibu na Ngomeni. Nilikuwa nakwenda kila siku na kidaftari changu, najiona nalinda. Kumbe nawaonyesha."

Aliyasema haya akiwa ameinamisha uso. Kisha akaniambia anachotaka. Nisiangalie kiota, nisikionyeshe, nisimwambie mtu yeyote, kwa sababu mtu akiambiwa lazima aje kutazama. Na lile tawi la chini, upande wa jikoni, lililoshuka mpaka usawa wa kifua, nisilichume hata jani moja. Kiota kiko nyuma yake, na majani yale ndiyo pazia lake. Siku ishirini na tano tu.

"Na mtu akifa?"

"Chuma upande wa pili."

"Upande wa pili ni wa ukutani, majani yote yako juu. Tawi hilo unalolisema ndilo ninalochuma mimi miaka yote. Kifo hakingoji siku ishirini na tano, Dzoro."

"Najua, Bi." Akalitazama tundu lake. "Ni mwaka wa tatu huu nanyonga kunguru. Nimeshanyonga maelfu. Sijaona kiota kimoja mjini humu kilichofika mwisho, makinda yakaruka yakaenda zao. Kimoja tu nikikiona, nitajua sikuwa mchinjaji tu."

Mimi ningemkatalia. Kusema kweli nilishafungua mdomo. Lakini sauti ikatoka ndani: "Mwambie ndio!"

Huyo ni Mejumaa. Kiharusi kilimpata miaka miwili nyuma, kikamchukua upande mzima wa kushoto, na kitanda chake kilikuwa dirishani, kimeelekea uani. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne na hakuacha kuniamrisha hata alipokuwa hawezi kujigeuza. Nikamwambia Dzoro ndio.

Tundu akaliacha pale pale uani, tupu, kwa sababu kunguru wa kuitia angewaita wenzake karibu na kiota. Nikawa naanikia matambara juu yake.

Kuanzia hapo mwangalizi akawa Mejumaa. Dirisha lake lina mbao za kupitisha upepo. Yeye anaona nje, wa nje hamuoni, wala kunguru hakuhangaika na mgonjwa. Nikiingia na uji, ananipa habari kabla ya salamu. Leo wanapokezana kulalia. Leo mume kaleta kitu mdomoni. Leo yametotolewa, maana wote wawili wanaleta wadudu hawapumziki. Siku moja akaniita kwa kelele mpaka nikadhani ameanguka.

"Vichwa viwili, Mwanakuu! Viwili! Havina hata nyoya, vibaya hivyo, maskini ya Mungu."

"Ndio ulichoniitia? Nina mchele motoni."

"Mchele utakula kesho. Sikiza. Wakiruka na mimi nimelala, uniamshe. Usinifiche."

"Nikufiche ndege?"

"Wewe hunificha kila kitu. Aliyokwambia daktari mwezi wa pili hukunificha?"

Nikakoroga uji. Daktari alikuwa amesema kiharusi cha pili kiko njiani, na mimi nilikuja nyumbani nikapika wali. Nikamwambia, "Wakiruka nitakuja mwenyewe nikwambie." Akaridhika, akanywa uji.

Kila Ijumaa nikienda soko la samaki nilimkuta Dzoro na tundu lake jingine, kubwa, nikampa habari za Mejumaa, naye akaandika. Hakuja uani hata mara moja. Ilimkaa moyoni, niliona. Alikuwa akiniuliza mambo madogo madogo: wamefumbua macho? Wana manyoya ya mkia? Nami namwambia, muulize mwenye macho, mimi ni tarishi tu.

Katika wiki hizo walikufa watu wawili mtaani. Nilichukua ngazi, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, nikapanda upande wa ukutani nikachuma ya juu. Miba ikanikwaruza mpaka shingo. Shukri akaniona kutoka juu.

"Bi Mwanakuu, wafanyani huko? Mbona huchumi haya ya hapa chini?"

"Ya juu yana nguvu zaidi."

Uongo mtupu. Shukri akaitikia, kwa sababu katika mambo ya maiti kila ninalosema huwa ni sheria. Baada ya wale wawili, upande wa ukutani ulibaki vijiti.

Jumatano Mejumaa akasema makinda yamesimama ukingoni yanapiga mbawa. Nikaenda kumwambia Dzoro, siku isiyokuwa ya soko, sijui kwa nini. Akahesabu kwa vidole. "Jumamosi," akasema. "Ikizidi sana Jumapili."

Mejumaa alifariki Alhamisi, adhana ya alfajiri imekwisha tu, mkono wake umo mkononi mwangu. Nilimfumba macho. Nilimfunga kidevu, nikanyoosha miguu, nikamfunika. Ni mambo niliyoyafanya mara mamia na mikono yangu ilijua njia. Nikamwita Shukri, Shukri akapiga kelele, na kabla jua halijachomoza nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Wakapanga mazishi baada ya adhuhuri.

Nilisimama mlango wa uani. Sikutazama juu. Niliwasikia tu wale shore, na tawi la chini liko pale limejaa majani mabichi, mvua imelinawirisha. Ni la kunyoosha mkono tu. Na maiti ni dadangu, si mtu mwingine, na mti ni wake kama ulivyo wangu. Nikafikiri: yeye mwenyewe angesema nini? Nilijua angesema nini. Angesema kwa kelele.

Nikavaa buibui langu. Nikawaambia, "Narudi sasa hivi," nikatoka. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, simtwiki mtu. Nilikuwa nimezoea kunyamaza siku ishirini na ngapi, neno moja tu lilihitajika, na sikulisema.

Kutoka kwetu hadi Bondeni si mbali, lakini siku hiyo kila mtu alinisimamisha kunipa pole. Nikabisha kwa Bi Tima. Alifungua mwenyewe, mnene, mswaki mdomoni. Tukatazamana, miaka tisa hiyo.

"Mejumaa amefariki," nikasema. "Nimekuja kukuomba majani ya mkunazi."

"Inna lillahi." Akatoa mswaki. "Wewe? Mti wako umekufa?"

"Mti mzima. Una wageni."

"Wageni gani?"

Nikamwambia. Yote: kunguru, shore, Dzoro, tawi la chini, siku mbili zilizobaki. Nilijua atacheka, na nilijua akicheka nitamtukana, msiba au si msiba. Hakucheka. Akaingia ndani akatoka na kikapu, akachuma mwenyewe, hakunikubalia nichume, kisha akavaa buibui lake akasema, "Twende. Dada humuoshi peke yako." Nilimpa mkono tu ashuke ngazi.

Tulipoingia kichochoroni nikawasikia kunguru.

Nilikimbia. Sijakimbia tangu niwe msichana. Nikapita katikati ya wanawake sebuleni, wengine wakainuka wakidhani nimeshikwa na uchungu. Uani, tawi la chini halikuwepo. Limekatwa shinani kwa panga, kisiki cheupe kimetoka, na nyuma yake kiota kiko wazi kama sahani mezani. Kunguru mmoja amesimama juu yake. Wengine wanne mabatini. Shore wawili wanamrukia kichwani wakilia, na yeye hawasikii. Nikamtupia kiatu. Akaruka, na mdomoni mwake kinda moja lilikuwa linaning'inia.

Kiota kilikuwa kitupu.

"Nani kakata?" nikasema.

Jamaldin alikuwa kando ya mlango, panga mkononi. Mikono yake imechanika kwa miba mpaka viwikoni, shati limelowa damu. "Ni mimi, Bi Mwanakuu. Shukri alisema umekwenda kutafuta sanda, na wewe leo ni mfiwa, si haki uchume majani mwenyewe. Tumesema tukusaidie."

Nilikasirika, wallahi. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kumpiga mtu na nikatazama huku na huku, na kila niliyemtazama alikuwa amenifanyia wema. Watu hawa wameona kwa macho yao miaka yote kwamba majani ya maiti yanachumwa tawi lile. Wangefanya nini kingine?

Kisha nikasikia kinu jikoni.

"Wekeni mchi chini!" nikapiga ukelele. "Chini! Asiponde mtu!"

Shukri alisimama na mchi umeinuliwa. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mkeka, wanachambua majani kutoka tawini, uteo mzima umejaa. Nikapiga magoti nikatia mikono yangu ndani ya uteo. Wakaanza kunong'ona, dada wa watu akili zimemruka. Bi Tima akawaambia kwa sauti yake ile nene, "Nyamazeni. Anajua anachotafuta."

Miba ilinichoma. Nikaondoa majani kidogo kidogo, kama mtu anayechagua mchele, mpaka chini kabisa. Huko nikagusa kitu chenye joto. Kinda la pili lilikuwa limelala chini ya majani, limekunja mbawa, macho wazi, halitoi sauti. Lilianguka na tawi. Lilikuwa na kishungi kidogo kichwani, na moyo wake ulikuwa unapiga mbio kiganjani mwangu.

Nilifikiri haraka, sijui fikira hiyo ilitoka wapi. Nikatupa matambara, nikafungua tundu la Dzoro, nikaliweka kinda katikati, juu ya tambara, nikafunga, na uwazi wa juu nikauzibia ubao. Wavu wake ni wa kuzuia kunguru asitoke. Basi na asiingie pia. Tukakaa nyuma ya mlango, mimi na Bi Tima na Shukri na wale wanawake wote, na maiti ndani anangoja. Kunguru wakashuka, wakalizunguka tundu, wakatia midomo, haikufika. Jamaldin akawafukuza kwa ufagio. Baada ya muda mama shore akatua juu ya waya. Akatazama. Akapitisha kichwa chake kidogo tunduni, na kinda likafungua mdomo mwekundu, mkubwa kuliko mwili wake.

Shukri alikuwa analia. "Ungetuambia, Bi Mwanakuu. Ungetuambia tu."

"Ningewaambia mngetazama," nikasema, na hata mimi nilisikia lilivyo jambo la kipuuzi sasa.

Tukamwosha Mejumaa. Bi Tima alimimina maji, mimi nikaosha. Nilichanganya majani ya Bondeni na ya mti wetu, maana yalishakatwa na kuyatupa ni haramu moyoni mwangu. Nilimwosha polepole. Upande wa kushoto, ule uliokufa kabla yake, niliuosha mara nyingine juu ya zile zilizotosha. Bi Tima aliona, akamimina tena. Sikulia. Wanaume wakamchukua adhuhuri.

Dzoro alikuja Ijumaa kutoa pole, kofia mkononi. Nikampeleka uani nikamwonyesha tundu lake, nikamweleza, pamoja na lile kinda lililochukuliwa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalipa tundu mgongo kwa mazoea, mabega yamemshuka.

"Ni mimi niliyekwambia usimwambie mtu," akasema.

"Na ni mimi niliyekutii. Usinililie hapa, kuna matanga."

Siku tatu hizo za matanga watu wa mtaa walikuja kusoma, na wakimaliza kusoma wanapita uani. Jamaldin alikaa na ufagio wake zamu ya mchana. Wazee wa msikitini wakamshikia akienda kuswali. Dzoro akasema sasa hakuna haja ya kuficha, waangalie tu, wawe wengi, kunguru anaogopa watu wengi kuliko anavyopenda makinda. Hakuwa amelifikiri hilo kabla, na mimi sikuwa nimelifikiri.

Jumapili asubuhi lile kinda lilikuwa limepanda mpaka kijiti cha juu, linapiga mbawa kwa nguvu, na wazazi wake wanaliita kutoka mkunazini. Dzoro akatazama mabatini. Hakukuwa na kunguru karibu. Jamaldin alikuwa juu na ufagio. "Fungua, Bi," akaniambia. "Ni kazi yako."

Nikafungua. Halikutoka mara moja. Likafika mlangoni, likatazama, likajinyea, kisha likaruka. Lilianguka kidogo katikati, Shukri akashika mdomo, likainuka tena, likatua katika vijiti vya upande wa ukutani. Wazazi wakalifuata. Kisha wote watatu wakaruka juu ya ukuta, kuelekea miti ya Ngomeni, na hatukuwaona tena.

Dzoro alitoa daftari lake. Akaandika tarehe, akaandika: mmoja. Watu wakapiga vigelegele, matangani, Mungu atusamehe.

Mimi nikageuka upesi. Nikapita jikoni, nikapita ukumbini, nikawaambia waliokaa njiani wanipishe, nina habari. Nikausukuma mlango wa chumba nikaanza kusema, "Mejumaa, ameruka! Amka, ameru..."

Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro. Mbao za dirisha ziko wazi. Mimi, niliyemwosha kwa mikono yangu hii miwili, nilikuwa nimekuja kumwambia.

Nikakaa juu ya mbao za kitanda, na hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti mpaka Bi Tima akaja akafunga mlango, akakaa kando yangu, akaniacha nilie.